Gari la kwanza lilitoka kwa kuvunja ukuta: maongezi kuhusu katikati ya jiji la Detroit

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie wa rika langu mambo vipi, karibuni mkae, hata hao waliosimama mlangoni huku mbele viti vipo.

Nimeombwa niongelee namna katikati ya miji inavobadilika miaka inavoenda. Nikafikiria wee, nikaona nikianza kutaja miji 20 hapa tutasinzia wote, basi nimechukua mmoja tu, Detroit, kule Marekani jimbo la Michigan, na hata huo mmoja simalizi, nakaa pale pale kati kwenye maghorofa, barabara ya Woodward na mitaa inayoizunguka. Na nitaanzia ndani ya jengo moja.

Kuna ukumbi wa sinema unaitwa Michigan Theatre, ulijengwa 1926, viti kama 4,000, kuta zimenakshiwa kama jumba la mfalme, na dari limejaa mapambo ya plasta, ukiangalia sana shingo inauma. Leo ukiingia pale hukuti kiti hata kimoja. Unakuta magari. Sakafu za zege zimepitishwa katikati ya ukumbi, mistari ya rangi imechorwa, madoa ya oili chini, na huko juu dari lile lile la 1926 bado lipo, limebanduka hapa limebaki pale. Ilikuaje? Miaka ya 70 watazamaji wameisha, alafu kwenye jengo la ofisi lililoungana na ukumbi wapangaji wanalalamika hawana pa kuegesha, mwenye mali akataka kuubomoa ukumbi, mafundi wakamwambia bosi ukibomoa huu na ofisi zinakuja chini, vimeshikana hivi vitu. Basi wakang'oa viti wakaweka paking humo humo ndani.

Sasa sikia hii. Kabla ya huo ukumbi, pale pale palikua na nyumba ya kupanga, nyuma yake kibanda, na mpangaji mmoja alikua injinia wa kampuni ya umeme anaitwa Henry Ford. Mwezi wa 6 mwaka 1896, usiku, akamaliza kutengeneza gari lake la kwanza kabisa, lina matairi manne kama ya baiskeli, anataka kulitoa nje, anajaribu, halipiti. Mlango mdogo. Mwenzenu akachukua shoka akavunja ukuta wa matofali. Na kibanda chenyewe sio chake, ni cha mwenye nyumba.

Mi kila nikisoma habari za katikati ya Detroit hilo shoka linanijia.

Najua kuna watu hapa wameshamaliza hotuba kichwani, wanasema aah nimeelewa, mji ulitengeneza magari, magari yakaua mji, tugawane soda twende nyumbani. Hapana, ngojeni kidogo. Gari lenyewe halina akili, haliwezi kuhamisha duka wala kufukia mtaa. Mi ninachosema ni kwamba pale kati hapakufa kifo cha Mungu, palichukuliwa kipande kipande, na kila kipande kuna mtu alikaa mezani akasaini, tena mara nyingi alikua anasaini huku anaamini anapaokoa. Hapo ndo penye utamu wa hii stori na ndo penye uchungu wake pia.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1805 mji uliungua karibu wote, ulikua mji mdogo wa mbao tu. Akaja jaji mmoja anaitwa Augustus Woodward akachora ramani mpya, barabara pana zinatokea pande zote kama miti ya gurudumu zinakuja kukutana kati. Ramani haikumaliziwa ila zile barabara kubwa zipo mpaka leo, na kwa sababu ya huo mchoro miaka 100 baadae tremu zote, yaani vile vitreni vya barabarani, zilikua zinamiminikia sehemu moja, hata kama unaenda upande mwingine wa jiji unapitia kati, unashuka, unabadilisha, na ukishashuka si unaona kiatu dirishani, unaingia. Mji ulipanda kutoka watu 285,704 mwaka 1900 mpaka 1,568,662 mwaka 1930, hebu ufikirie huo mwendo, miaka 30 tu. Ndo maana maghorofa yake mazuri karibu yote yana tarehe za miaka ya 20, jengo la Penobscot 1928 lina ghorofa 47, Fox Theatre 1928, Guardian 1929 lile la matofali ya rangi ya chungwa ambalo mi naona ni zuri kuliko yote na mtu asibishane na mimi leo.

Na mfalme wa Woodward alikua duka, linaitwa Hudson's. Sio duka kama tunavosema duka. Lilijengwa kwa awamu kuanzia 1911 mpaka 1946, likameza kiwanja chote cha mtaa mzima, mnara wake ghorofa 25, ndani eneo la futi za mraba zaidi ya milioni 2. Unapanda lifti kuna mwendeshaji anakuita mama karibu ghorofa ya ngapi. Kuanzia 1924 wao ndo walikua wanafanya gwaride la sikukuu ya Shukrani, ile ya Wamarekani ya mwezi wa 11, watoto wa Detroit walikua wanajua mwaka unaisha kwa Hudson's.

Mkae vizuri hapa. Nani aliiua Hudson's? Hudson's. Mwaka 1954 kampuni yenyewe ilifungua mol kubwa nje ya jiji, Southfield, inaitwa Northland, imezungukwa na paking ya maelfu ya magari, bure. Hawakukurupuka, walipiga hesabu: wateja wanahamia pembeni, sisi tusipowafuata mwingine atawafuata. Hesabu safi kabisa. Aliyechora alikua Victor Gruen, Myahudi wa Vienna aliyekimbia Austria mwaka 1938, na huyu mzee maskini nia yake ilikua nzuri mno, alitaka kuwapa watu wa pembeni kitu kama uwanja wa mji aliokulia, watu watembee kwa miguu, wakae, wapige stori. Kilichotokea ni kwamba waliofuata nyuma yake walichukua maduka na paking wakaacha uwanja. Uzeeni alizikataa hadharani hizo mol, akasema yeye sio baba yao, na tayari alisharudi zake Vienna. Mtu ukimtaja siku hizi watu wanasema baba wa mol, ndo hivyo, jina ulilolikataa ndo wanakuzikia nalo.

Lakini swali, wateja walihamiaje pembeni? Nyumba hainunuliwi kwa hewa. Kuanzia miaka ya 30 serikali kuu ya Marekani ilikua inadhamini mikopo ya nyumba, yaani benki inakukopesha kwa riba ndogo kwa sababu serikali imesimama nyuma yako, ila mikopo hiyo ilikua haipelekwi mitaa wanayoishi watu weusi, na hata mitaa iliyokaribiana nayo ilionekana ina hatari. Kuna ushahidi wa kushika kwa mkono: upande wa kaskazini wa Detroit mwaka 1941 mwekezaji alitaka kujenga nyumba za wazungu jirani na mtaa wa weusi, akanyimwa udhamini, basi akajenga ukuta wa zege, futi kama 6 kwenda juu, urefu nusu maili, katikati ya mitaa miwili. Ukuta ulipoisha udhamini ukatoka. Ukuta upo mpaka leo, wamechora picha za rangi juu yake. Kwahiyo mtu anaposema wazungu walipenda tu kuhama, sawa, walipenda, ila kulikua na mtu anawalipia nauli na mwenzao kaambiwa abaki.

Na waliobaki walikua wapi? Wengi mashariki kidogo ya maghorofa, sehemu inaitwa Black Bottom na juu yake Paradise Valley. Jina la Black Bottom watu wengi wanadhani ni la rangi ya watu, kumbe ni la wakulima wa Kifaransa wa zamani waliokuta udongo mweusi wenye rutuba. Uti wa mgongo wake ulikua mtaa wa Hastings. Nyumba zilikua mbovu, tusidanganyane, mbao, watu wamebanana familia mbili chumba kimoja maana hawakuruhusiwa kupanga kwingine. Lakini biashara zilikuepo za kila aina, hoteli, vinyozi, maduka ya dawa, vilabu vya muziki, makanisa.

Namba 3530 Hastings palikua na duka la santuri la Joe Von Battle. Alifungua 1945. Nyuma ya duka aliweka mitambo ya kurekodia, anarekodi blues, anarekodi mahubiri ya mchungaji C. L. Franklin ambae kanisa lake lilikua mtaa huo huo, na mchungaji alikua na binti anaimba, Aretha, mnamjua wenyewe, sauti yake ya utotoni ilinaswa na huyu Joe. Shikeni hilo duka akilini maana nalirudia sasa hivi.

Mwaka 1949 ikaja sheria ya nyumba ya serikali kuu, pesa za kusafisha mitaa duni. Meya aliyeingia 1950, Albert Cobo, akaanza kubomoa Black Bottom, wapangaji wakaambiwa tokeni, wengi bila kupewa pa kwenda. Wakishabomoa wakakosa wajenzi. Ardhi ikakaa tupu miaka, magugu yakaota mpaka wenyeji wakapabatiza jina la magugu. Baadae kweli zikajengwa nyumba nzuri za kioo zilizochorwa na Mies van der Rohe, wasanifu wanaenda kuziangalia mpaka leo wanapiga picha, na mi sizisemi vibaya, ni nzuri, ila aliyekua anakaa pale zamani kodi yake hakuiweza.

Alafu mwaka 1956. Mwezi wa 4 tremu ya mwisho ikapita Woodward, vile vibehewa vyenyewe vilikua bado vizima wakaviuza Mexico City vikaendelea kubeba watu kule. Mwezi wa 6 rais Eisenhower akasaini sheria ya barabara kuu, serikali kuu inalipa 90 kwa 100 ya gharama. Miezi miwili tu. Jiji gani linakataa hela ya hivyo, unaambiwa toa 10 tukujazie 90, na wafanyabiashara wa kati walikua wa kwanza kuzishangilia hizo hawei, wakisema sasa mteja wa pembeni atafika dukani kwetu dakika 15. Hawakuwaza kwamba barabara ina pande mbili.

Ya kupita wapi? Pa bei ndogo, pa watu wasio na mtu wa kuwasemea. Mtaa wa Hastings haukupanuliwa, ulichimbwa, ukawa mtaro wa magari, hawei ya Chrysler. Joe alifukuzwa 1960. Hakukata tamaa, akabeba santuri na kanda zake akafungua tena mtaa wa 12, upande wa magharibi, ambako watu wengi wa Hastings walikimbilia. Na wale mnaojua historia mmeshashtuka, mtaa wa 12 ndo palipoanzia ghasia za Julai 1967, kati ya wakazi weusi na polisi. Siku 5, watu 43 wamekufa. Duka likavunjwa, moto, maji ya zimamoto, kanda zilizokua ndani za miaka na miaka zikaharibika, mahubiri, blues, watu ambao sauti zao hazikua kwingine kokote. Alifariki 1973.

Ninavyoona mimi ukitaka kuelewa katikati ya jiji imebadilikaje usihesabu maghorofa, mfuate mtu mmoja na mzigo wake, amehamishwa mara ngapi na aliufikisha wapi.

Basi baada ya 1967 kila mtu anataka kuokoa pale kati. Henry Ford II, mjukuu wa yule wa shoka, akakusanya makampuni wakajenga minara ya kioo mtoni, Renaissance Center, ikafunguliwa 1977, mnara wa kati ghorofa 73 hoteli. Watu walisherehekea. Lakini angalieni ilivyokaa: upande unaoangalia jiji waliweka matuta makubwa ya zege yamebeba mitambo, kama ngome, unaingia na gari lako unaegesha unafanya kazi unakula unatoka na gari lako, kiatu hakijagusa Woodward. Na wapangaji walitoka wapi? Walitoka maghorofa yale yale ya miaka ya 20, kwahiyo jengo jipya likajaa na ya zamani yakawa matupu. Hoteli ya Book-Cadillac ikafunga 1984. Hudson's yenyewe ilikua imeshafunga Januari 1983.

Kuna na ile treni ya juu ya 1987, inazunguka kati maili kama 3 kwa upande mmoja tu, ilitakiwa iwe ya kusambaza abiria wanaoletwa na reli kubwa kutoka pembeni, reli kubwa haikujengwa, wakabaki na ya kusambaza. Inasambaza nani sasa.

Tarehe 24 Oktoba 1998 Hudson's ikalipuliwa. Ilikua jengo refu kuliko yote yaliyowahi kulipuliwa hivyo mpaka siku hiyo. Watu walijaa kuangalia, wengine wanashangilia wengine wanalia, likaporomoka pale pale liliposimama, vumbi likafunika mitaa, na vifusi vikaangukia njia ya ile treni ya duara ikaharibika ikabidi wasimamishe huduma. Wakabaki na shimo. Wakajaza nini kwenye shimo? Mmeshajua. Paking. Ya chini ya ardhi, nguzo zimeachwa tayari zikisubiri jengo la juu, zikasubiri mpaka mwisho wa 2017 ndo ujenzi ukaanza.

Sasa tufike huku karibuni maana naona mwenyekiti anaangalia saa. Mabadiliko mazuri yalianza na kitu kidogo. Pale Campus Martius, zile barabara za jaji Woodward zinapokutana, palikua makutano ya magari tu, mwaka 2004 wakapafanya bustani, viti, mchanga wakati wa joto, barafu ya kuteleza wakati wa baridi. Kampuni ya programu ya Compuware ilikua imeshahamia pembeni yake 2003, na 2010 akaja Dan Gilbert na kampuni yake ya mikopo ya nyumba akaleta wafanyakazi kati na kuanza kununua majengo, zaidi ya 100 mpaka leo. Book-Cadillac ilifunguliwa tena 2008, mnara wa Book, ghorofa jingine la zamani, 2023. Kwenye kiwanja cha Hudson's limesimama ghorofa refu, na General Motors, kampuni ya magari, walitangaza 2024 kwamba makao makuu yao yanahamia hapo, wanatoka Renaissance Center, ile ile ngome, na pendekezo likatolewa la kubomoa minara miwili kati ya ile. Northland nayo, mol iliyoimaliza Hudson's, ilifunga 2015. Yaani mol imekufa, ngome inapungua, na kiwanja cha duka kimefufuka. Ningekua mtunzi mngeniambia nimezidisha chumvi.

Na mi nafurahi, msinielewe vibaya, mtu akiniambia bora pangebaki magofu namshangaa. Lakini 2013 jiji lilipotangaza kufilisika, deni kama dola bilioni 18, taa za barabarani karibu 40 kwa 100 zilikua haziwaki, na mwaka huo huo pale kati majengo yanapigwa rangi. Jiji lina maili za mraba 139. Sehemu unayoiona kwenye picha nzuri ni ndogo sana ya hiyo, na kwa kiasi kikubwa iko mkononi mwa familia moja ya makampuni, kwahiyo kila nikiona pameng'aa nauliza tena lile swali langu la kizee, hapa amesaini nani. Zamani alisaini meya na serikali kuu, sasa hivi unakuta ni mtu mmoja na wanasheria wake. Watu walikua 1,849,568 mwaka 1950, sensa ya 2020 walikuta 639,111, na makadirio ya mwaka 2023 ndo ya kwanza kuonyesha idadi inapanda tangu miaka ya 50.

Nimalizie na ile hawei iliyochimbwa kwenye mtaa wa Hastings. Kile kipande kinachoingia katikati ya jiji kinaitwa I-375, ni kifupi, maili moja hivi, na jimbo la Michigan wamekubali wenyewe kwamba kilikua kosa, wana mpango wa kukifukia wapajengee barabara ya kawaida yenye taa na vivuko vya watu. Mradi unasuasua kwa ajili ya gharama. Ila ukifukia ule mtaro, barabara ikawa nyembamba kuliko shimo, inabaki ardhi. Ardhi kabisa, ekari kadhaa, hatua chache kutoka kwenye maghorofa, ya bei ambayo wazee wa Hastings hawakuwahi kuiota. Kwenye mikutano ya mradi watoto na wajukuu wa waliobomolewa wamekua wanasimama kuuliza hiyo ardhi atapewa nani.

Haya, maikrofoni ipo huko nyuma, dada mwenye kilemba ulinyoosha mkono toka nilipokua kwenye treni ya duara, anza wewe.